Ikifa mara ya pili, usikimbilie kununua ya tatu: kutafuta kinachoua spea za mashine ya kufulia

Mama mmoja wa Kigamboni alinipigia simu jioni moja ya Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana. "Fundi, bodi imeungua tena." Lile "tena" ndilo lililonikalisha kitako. Bodi ya kwanza, yaani ule ubao wa saketi unaoiendesha mashine, ilikuja na mashine, ikadumu miaka minne. Ya pili aliinunua kwa pesa inayokaribia nusu ya bei ya mashine, ikadumu siku mbili. Aliyemfungia alimwambia umeme wa mtaani kwao ni mbaya, atafute bodi ya tatu na stabilaiza juu yake. Alichotaka kwangu ni nimsaidie kuitafuta hiyo ya tatu.

Sikumtafutia. Kwa nilivyoona miaka yote ya kuinama nyuma ya mashine za watu, spea ikifa baada ya miaka mitano au sita imekufa kwa uzee. Ikifa tena baada ya wiki mbili au miezi mitatu, imeuawa, na muuaji bado yupo nyumbani. Mara nyingi ni kitu cha bei ndogo kuliko kilichokufa, na pengine hakimo hata ndani ya mashine. Hii hapa ndiyo njia ninayopita mimi kumtafuta. Sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe kabla hujaita fundi, na ukimwita utajua umuulize nini.

Andaa mita ya kupimia umeme (ya bei ndogo inatosha, ilimradi inapima volti na om), bisibisi, koleo, tochi, ndoo ya lita 10, siki kidogo na daftari. Kabla ya kufungua chochote, chomoa plagi ukutani na funga bomba la maji. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu umeme bado umefika kwenye bodi. Kama mashine yako ni ya inveta, subiri dakika kumi baada ya kuchomoa. Kapasita zake hubeba volti 320 hivi, na hazijali kwamba plagi iko mkononi mwako.

Hatua ya 1: Uliza ilikuwa inafanya nini, na nini kilibadilika

Watu huanza kwa kusema kilichoungua. Mimi huanza kwa kuuliza mashine ilikuwa imefika wapi. Inafunga mlango, inajaza maji, inapasha moto, inafua, inamwaga, inakamua, na kila kituo kinaamsha spea zake. Breka ikianguka dakika chache baada ya maji kujaa, macho yote kwa hita. Ikianguka au bodi ikizima wakati wa kumwaga, shuku pampu. Kelele na harufu ya moto wakati wa kukamua ni habari ya mota, mkanda au beringi.

Swali la pili ni nini kilibadilika kabla ya kifo cha kwanza. Mmehama? Mmeichukua mashine mtumba? Mmechimba kisima? Mmebadilisha sabuni? Amezaliwa mtoto, na mashine iliyokuwa ikifanya kazi Jumamosi tu sasa inafua kila siku? Andika daftarini tarehe, spea iliyokufa, ilikokuwa imefika, na kama umeme ulikatika siku hiyo. Matukio matatu yakiwa kwenye ukurasa mmoja, mara nyingi jibu linaanza kujionyesha kabla hata hujashika bisibisi.

Mama wa Kigamboni alinijibu hivi: "Inajaza tu, fundi. Inajaza, haimalizi kujaza, halafu inaandika kosa, nabonyeza tena." Na kilichobadilika? Miezi sita nyuma walipaka rangi ndani, wakaitoa mashine kwenye kibaraza cha nyuma, ikabaki hukohuko. Yote mawili niliyaandika, lakini nakiri kwamba wakati ule sikuyaunganisha.

Hatua ya 2: Dai spea iliyokufa, kisha isome

Fundi akibadilisha kitu, mwambie akuachie kile cha zamani. Siyo kwamba humwamini. Kile kifu ndicho shahidi pekee uliyenaye.

Chukua bodi. Igeuze kwenye mwanga utafute palipoungua. Karibu na umeme unapoingilia kuna kidude bapa cha duara, kama kifungo cha shati, mara nyingi cha rangi ya buluu. Kinaitwa varista, na kazi yake ni kujitoa mhanga umeme ukizidi. Ikiwa varista imepasuka na fyuzi iliyo jirani yake imekuwa nyeusi, umeme mwingi uliingia kutoka nje. Lakini ikiwa varista ni nzima na kilichopasuka ni kidude cheusi chenye miguu mitatu upande mwingine wa bodi, habari ni tofauti kabisa. Hiyo ni triaki, swichi inayowasha pampu, valvu au mota. Haikuuawa na umeme wa mtaani, imeuawa na kile inachokiwasha. Fuata njia ya shaba kutoka mguu wake hadi kwenye soketi ya waya, kisha ufuate waya uone unaishia wapi.

Bodi zote mbili za yule mama zilikuwa kwenye mfuko wa rambo, ndani ya droo. Varista zilikuwa nzima, na kwenye kila bodi triaki ileile ilikuwa imefumuka tumbo. Waya wake ulikwenda kwenye valvu ya maji. Stabilaiza ya volti ngapi ingemsaidia hapo?

Ukiwa na tochi mkononi, angalia pia wageni. Bodi zina joto kidogo, na mende wanalipenda. Mjusi aliyekauka akiwa amelala juu ya miguu miwili ya shaba anatosha kuua bodi, na mwenzake atafanya vivyo hivyo kwa bodi mpya kama tundu aliloingilia bado liko wazi. Mashine inayokaa barazani karibu na bahari huota ukungu wa kijani kwenye viunganishi. Hapo spea inaonekana mbovu kumbe ni mguso tu, na ndiyo maana inapona fundi akiigusa na kufa tena akiondoka.

Hatua ya 3: Umeme, lakini kwa kipimo

Umeme husingiziwa mengi. Ili usiusingizie, upime. Tanzania umepangiwa volti 230, Kenya 240. Kazi ya kupima soketi yenye umeme mwachie anayejua, na isifanywe kwenye sakafu yenye maji. Apime mara mbili, mashine ikiwa imetulia na hita ikiwa inafanya kazi. Hita ya wati 2000 huvuta karibu ampea 9. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200 na chini ya hapo hita inapowaka, waya wa nyumba au ekstensheni ni mwembamba, au kuna mguso mbaya mahali. Shika plagi baada ya kufua kwa maji ya moto. Ikiwa haishikiki kwa joto, au mguu wake mmoja umebadilika rangi ya kahawia, umepata mshukiwa wako. Badilisha plagi na soketi, mashine iingie ukutani moja kwa moja bila ekstensheni.

Hatari kubwa zaidi ni nyutro (waya unaorudisha umeme) iliyolegea au kukatika kwenye nguzo au kwenye nyumba yenye umeme wa njia tatu (three phase). Hapo volti za nyumba moja hupanda hata kupita 300 huku za jirani zikifa. Dalili ni taa zako kung'aa kupita kawaida huku za jirani zikififia, au mwanga wako kupanda na kushuka jirani akiwasha kitu kizito. Hilo ni la kuripoti kwa shirika la umeme siku hiyohiyo.

Kuhusu stabilaiza, ile ndogo ya televisheni ya VA 1000 ukiifungia mashine yenye hita unaikaba koo mashine. Chini ya VA 3000 usisumbuke. Mimi kwa nyumba nyingi napendelea kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Hakikisha tu kimeandikwa ampea 13 au zaidi. Na dawa isiyo na gharama kabisa ni kuchomoa plagi kila ukimaliza kufua.

Ikiwa mashine inakutekenya ukiigusa, simama. Inaweza kuwa nyumba haina waya wa ardhi, inaweza kuwa hita inavujisha umeme. Usiendelee kuitumia mpaka yote mawili yakaguliwe.

Hatua ya 4: Maji

Hapa ndipo mafundi wengi tunapita haraka, na hapa ndipo nilipompata muuaji wa Kigamboni.

Anza na presha. Vitabu vya mashine nyingi vinataka angalau baa 0.5. Mita 10 za kimo cha maji ni kama baa 1, kwa hiyo baa 0.5 ni mita 5 kutoka usawa wa maji kwenye tangi hadi nyuma ya mashine. Sasa toka nje utazame stendi ya simtanki lako. Za nyumba nyingi ni mita mbili na nusu, tatu, na tangi likifika nusu hali inakuwa mbaya zaidi. Valvu ya mashine si kama koki ya bafuni. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na presha ya maji yenyewe. Presha ikiwa ndogo kinafunguka nusunusu, na wakati mwingine hakifungi sawasawa, maji yanaendelea kudondoka mashine ikiwa imezimwa. Ukiona hivyo, usilaumu valvu kabla hujalitazama tangi.

Kipimo chake hakihitaji mita. Fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, fungua koki, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, vizuri. Ikipita dakika mbili, una tatizo. Kabla hujalia na tangi, vuta kwa koleo kile kichujio kidogo kilichomo kwenye mdomo wa valvu. Mara nyingi kimejaa mchanga wa kisima au maganda ya plastiki kutoka kwenye mabomba mapya.

Kisha nenda upande wa pili, kwenye mpira wa kutolea maji machafu. Ncha yake inatakiwa kuning'inia kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiilaza chini, maji yanatoka yenyewe wakati mashine inajaza. Mashine inaona haijajaa, inaendelea kuita maji, na maji yanaendelea kwenda zake.

Kule Kigamboni ndoo ilichukua dakika mbili na nusu, kichujio kikiwa kimeshasafishwa. Nikazunguka ukuta. Mpira wa maji machafu ulikuwa umepitishwa kwenye tundu usawa wa sakafu, ukalazwa hadi kwenye migomba. Wazo zuri kwa migomba, kusema kweli. Ila maji yalikuwa yanaingia kwa kusuasua huku yakitokea nyuma, na valvu ikakaa imewashwa muda wote, siku baada ya siku, kila mama alipobonyeza tena. Koili ya valvu haikuundwa kukaa hivyo. Imeundwa kuwaka dakika chache, ipoe.

Ladha na ukoko wa maji navyo vina lao la kusema, tutavikuta kwenye hita.

Hatua ya 5: Pima kila mzigo kabla ya kuwasha bodi mpya

Mzigo hapa si nguo, ni kila kitu ambacho bodi inakiwasha: valvu, pampu, hita, mota. Kama ungefuata hatua moja tu kati ya zote, fuata hii. Inachukua nusu saa. Plagi ikiwa imechomolewa, vua viunganishi, weka mita kwenye om.

Koili ya valvu ya mashine za volti 230 kwa kawaida husoma kati ya om 3,500 na 4,500. Pampu ya kumwagia husoma om mia na ushee, mara nyingi kati ya 120 na 200. Hita ya wati 2000 ni om 26 hivi, ya wati 1800 ni 29. Unaweza kuikokotoa mwenyewe: zidisha volti kwa volti, gawa kwa wati. Baada ya hapo weka mita kwenye kipimo chake cha juu kabisa, upime kutoka kila mguu wa hita, pampu na mota hadi kwenye bati la mashine. Mita isionyeshe kitu. Ikionyesha namba yoyote, umeme unavuja kwenda kwenye bati.

Namba iliyo juu mno au isiyosoma kabisa maana yake waya wa ndani umekatika, na hiyo haiui bodi. Ya kuogopwa ni iliyo chini mno. Valvu ya yule mama ilisoma om 600. Joto lilikuwa limeyeyusha ngozi ya nyaya za koili, zikagusana, zikavuta umeme kupita kiasi, triaki ikafa. Akafungiwa bodi mpya kwenye valvu ileile. Siku mbili zilikuwa nyingi.

Na ukipata mzigo mmoja mbovu, usisimame. Pima yote hadi mwisho.

Hita inayorudia kuungua

Itoe uitazame. Nimeziona zikifa kwa namna tatu.

Ya kwanza imevaa koti jeupe na imepasuka. Huo ni ukoko wa maji magumu. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, uleule unaochomwa tanuruni kupata chokaa, na maji ya visima yanapita humo. Dondoshea ukoko siki: ukichemka mapovu, ni chokaa. Koti hilo linazuia joto lisitoke kwenda kwenye maji, na hita inajichoma yenyewe. Kila baada ya miezi miwili au mitatu endesha mashine tupu kwenye nyuzi 60 ukiwa umeweka gramu 100 za asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuoka. Usiuchanganye kamwe na jiki, mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Ya pili ni safi lakini ina vitundu vidogo kama vya sindano, na kutu kuvizunguka. Hiyo ni chumvi, na hapa watu huchanganya: chumvi ya maji ya bahari haiachi ukoko, inatoboa. Asidi haisaidii. Kama maji yako ukiyaonja yana chumvi, tenga tangi la maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya mashine, au ukubali kwamba hita ni spea ya kubadilishwa.

Ya tatu ni safi, haina ukoko wala vitundu, ila imekuwa nyeusi na plastiki ya jirani imelainika. Hiyo iliwaka bila maji. Hapo usiguse hita mpya mpaka ukague kampira kembamba kanakotoka kwenye tangi la mashine kwenda kwenye swichi ya presha. Kakijaa uchafu wa sabuni, mashine inadhani ina maji wakati imekauka. Kavue, kasafishe, angalia kama kamepasuka. Kwenye mashine za zamani, puliza taratibu kwa mdomo na utasikia swichi ikilia "tak". Zenye kihisi cha elektroniki hazilii. Kama kampira ni kazima, tazama relei ya hita kwenye bodi, huenda imegandia ikiwa imewasha.

Nisiache kusema hili: maji yanayotoka kwenye simtanki jeusi la Dar saa nane mchana yana uvuguvugu wake tayari. Nguo za kawaida zifue bila hita. Familia ninazozihudumia zinazofua hivyo hazinipigii simu kuhusu hita.

Beringi inayorudi kila mwaka

Zungusha dramu kwa mkono katika nyumba iliyo kimya. Ikikwaruza kama mchanga kwenye sufuria, beringi imekwisha. Shika mdomo wa dramu uunyanyue, isicheze. Tazama nyuma ya tangi kwa tochi: mstari wa kahawia unaoshuka kutoka katikati ni maji yaliyopita kwenye sili (mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi) na kuosha grisi yote.

Kwa hiyo beringi ikirudia, shtaki sili kwanza. Aliyebadilisha beringi akaacha sili ya zamani hajatengeneza kitu. Lakini kuna jambo la ndani zaidi, na linanikera kila ninapolikuta. Sili inakaa juu ya kola ya chuma kwenye shafti. Pitisha ukucha juu ya kola hiyo. Ukikwama kwenye mfereji, hata wa nusu milimita, sili mpya itavuja ndani ya miezi michache, iwe orijino au isiwe. Shafti na mkono wake, ule unaoshikilia dramu kwa nyuma, vinabadilishwa pamoja.

Kisha namna ya kuifunga. Beringi za nyumbani nyingi ni 6204, 6205 au 6206. Nunua zenye mwisho wa 2RS, yaani zilizofunikwa kwa mpira pande zote. Ukizigonga kuingia kwenye tangi, gonga kwenye pete ya nje tu. Aliyegonga pete ya ndani kwa nyundo ameshaacha alama kwenye njia ya gololi, na mashine itaanza kuguruma kabla ya Idi. Paka sili grisi isiyooshwa na maji.

Sabuni nayo imo kwenye kesi. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa sababu mfuaji wa beseni anapenda kuliona. Ndani ya mashine povu hilo linapanda, linafika kwenye sili, linachosha pampu. Tumia ya mashine, au ile ya mkono kwa kipimo kidogo kabisa.

Hizi nyingine kwa haraka

Pampu inayokufa kila mara: fungua kichujio cha chini mbele. Nimetoa sarafu, pini za mtandio, nyuzi za kanga zilizojisokota, na nywele za rasta zilizobana propela kama kamba. Propela ikikwama, koili inapika. Kama kichujio ni safi, angalia mpira wa maji machafu: umekunjwa, au umepandishwa juu kupita mita moja.

Mkanda unaokatika: tazama umekatika vipi. Ukiwa umelika ukingo mmoja, puli haziko kwenye mstari au bolti ya puli imelegea. Ukiwa umeungua kwa ndani, kuna kitu kinakaza, na kwa kawaida ni beringi. Soma maandishi yake kabla ya kununua. 1240 J5 ni milimita 1240 za urefu na mistari mitano. Mkanda "unaofanana" haufai.

Makaboni ya mota yakiisha ndani ya miezi, pitisha kidole kwenye komyuteta, ile silinda ya shaba ambayo makaboni yanaisugua. Ikiwa na makovu au weusi usiofutika, inakula kaboni kama msasa. Ipelekwe kuchongwa au mota ibadilishwe.

Shokapu na springi kwa mashine ya mtumba: angalia mgongoni kama bolti ndefu za kusafirishia, tatu au nne, bado zimo. Zikiwemo, dramu haichezi na kila kitu kinatikisika hadi kilegee. Na kama ilisafirishwa bila hizo bolti, shokapu zilishaumia melini.

Spea yenyewe kuwa feki, ndiyo, ipo. Ila nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu "uliuziwa feki" ni jibu linalomfurahisha kila mtu isipokuwa mashine. Linganisha mpya na ya zamani: wati, om, uzito mkononi, namba iliyochapwa. Zikifanana na bado imekufa, rudi hatua ya 1.

Wakati wa kuiacha

Nyuma ya dramu kuna mkono wa pembe tatu unaoishikilia, wa aloi ya alumini. Maji ya chumvi na sabuni vinaula taratibu hadi unakuwa mwepesi na wenye mashimo kama jiwe la tumbawe. Ukishapasuka, dramu inapigapiga tangi, na beringi, mkanda na raba ya mlango vitafuatana kufa. Kama mkono huo haupatikani kwa mashine yako, au tangi limegundishwa kiwandani halifunguki, usiweke tena hata senti. Toa mota, pampu, valvu na bodi nzima, uza au weka akiba.

Kwa yule mama hatukufika huko. Nilibadilisha valvu, spea ya bei ndogo sana kuliko bodi. Kwenye mpira wa kuingizia maji tukaweka pampu ndogo ya kusukuma, inayojiwasha maji yakiitwa. Mpira wa maji machafu niliuning'iniza usawa wa sentimita 80, ncha yake ikiwa ndani ya bomba la inchi mbili lililo wazi juu, ili hewa iingie na maji yasivutike yenyewe, na bomba hilo ndilo linalokwenda kwenye migomba. Kisha nikaitoa ile bodi ya kwanza, ya miaka minne, kwenye mfuko wa rambo, nikaitia triaki mpya, nikapima mizigo yote tena na kuiwasha huku mama akiwa amesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni begani, akihesabu dakika. Ilijaa kwa dakika mbili, ikanyamaza, ikaanza kuzunguka.

"Na hii nyingine niliyonunua?" akauliza, ameshika ile ya siku mbili.

"Nayo itapona, mama. Iweke droo ileile."